Tuba Mbili za York: Sauti ya Chicago Ilitoka kwenye Shaba au kwenye Pumzi?

Chicago Symphony Orchestra inamiliki tuba mbili, yaani vyombo vya shaba vya kupuliza vyenye sauti ya chini kabisa, zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 mjini Grand Rapids, jimbo la Michigan, katika kiwanda cha York. Kiwanda hicho hakipo tena. Tuba zenyewe zina umri wa takriban miaka 90. Hata hivyo mafundi wa Japani, Uswisi, Ujerumani na Marekani wamezipima na kuziiga kwa miongo kadhaa, na leo mpiga tuba anayeingia kwenye usaili wa okestra kubwa ya Marekani ni jambo la kawaida kumkuta amekumbatia nakala ya York.

Kisa ninachokichambua ni cha jinsi chombo kilichomshinda mtu aliyetengenezewa kilivyokuja kuwa kipimo cha vyombo vyote vya aina yake. Swali ninalolifuata ni moja: sifa ile ni ya tuba, au ni ya Arnold Jacobs, aliyekaa kwenye kiti cha tuba cha Chicago kwa miaka 44 huku akiwa na pumu na mapafu madogo? Nitoe msimamo wangu mapema. Tuba zile ni bora kweli, lakini dunia imeipa shaba sehemu kubwa ya sifa inayostahili masikio na pumzi ya mtu mmoja. Ushahidi haujakaa upande mmoja tu, ndiyo maana kisa hiki kinastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Kondakta mwenye sikio la kinanda

Leopold Stokowski alianza maisha ya muziki akipiga kinanda cha mabomba kanisani, kwanza London, kisha katika kanisa la St. Bartholomew's mjini New York. Mwaka 1912 akakabidhiwa Philadelphia Orchestra, lakini sikio lake likabaki la mpiga kinanda. Alichukua kazi ambazo Bach aliziandika kwa kinanda na kuzipanga upya ili zipigwe na okestra nzima, na rekodi zake za kazi hizo zilimpa umaarufu mkubwa.

Aliyewahi kukaa katika kanisa lenye kinanda cha mabomba anajua kwamba noti za chini kabisa humfikia mtu kwa namna ya pekee. Bomba wazi la futi 16 hutoa mtetemo wa karibu hezi 33. Unausikia kwenye sakafu na kwenye benchi kabla sikio halijautambua ni noti gani. Tuba ya C, iliyopewa herufi hiyo kwa noti yake ya msingi, nayo ina bomba la urefu huohuo, futi 16, yaani karibu mita 4.9, na noti hiyo ni ileile ya bomba la kinanda. Kwa hiyo kondakta aliyetaka okestra yake isimame juu ya sauti kama ya kinanda hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Alihitaji tuba ya C, tena pana.

Wakati ule hilo halikuwa jambo la kawaida. Tuba ilizaliwa Berlin mwaka 1835, Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz walipoipatia hataza, na karibu miaka 100 baadaye kila mji mkubwa wa muziki ulikuwa bado na mazoea yake. Vienna walikuwa na tuba yao ya F yenye vali sita, yaani vitufe vya kubadili urefu wa bomba. Wafaransa walipuliza tuba ndogo ya C, nayo ya vali sita, iliyokaribia eufonia, ndugu mdogo wa tuba, kwa ukubwa. Ndiyo iliyokuwa kichwani mwa Ravel mwaka 1922 alipoandika ile solo ya juu sana katika Picha za Maonyesho za Mussorgsky, solo ambayo hadi leo huwatoa jasho wapigaji wa tuba kubwa. Waingereza walishikilia F nyembamba yenye sauti iliyokaza. Vyombo hivyo vilichanganyika vizuri na tromboni, lakini hakuna hata kimoja ambacho kingempa Stokowski alichokitaka.

Marekani ilikuwa na hazina yake. Bendi za jeshi, za sarakasi na za shule zilikuwa zimewazoesha mafundi wa huko kutengeneza besi kubwa kwa wingi. Grand Rapids ulikuwa mji wa samani, umejaa watu wenye mikono ya kazi, na James W. York, aliyeanza biashara huko katika miaka ya 1880, alijijengea jina kwa vyombo vya bendi. Bendi zilitaka zaidi tuba za Bb na Eb. Tuba ya C ya okestra ilikuwa kazi ya kuagizwa. Stokowski akaiagiza, kwa ajili ya mpiga tuba wake Philip Donatelli, katika ukubwa ambao wenye kazi huuita 6/4, juu kabisa ya ngazi inayoanzia 3/4. Bomba linalopita kwenye vali lina kipenyo cha karibu milimita 19. Kinywa cha juu, pale sauti inapotokea, kinakaribia sentimita 50 kwa upana. Vali nne ni za pistoni na ya tano ni ya kuzunguka.

Vali ya tano inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu inaonyesha ni kazi gani iliyokuwa ikifikiriwa. Kila vali huongeza kipande cha bomba kilichokadiriwa kana kwamba itabonyezwa peke yake. Ukibonyeza mbili au tatu kwa pamoja, tuba nzima imeshakuwa ndefu, na vile vipande havitoshi tena. Noti inapanda kuliko inavyotakiwa. Kadiri unavyoshuka ndivyo kosa linavyokua. Mpigaji wa bendi ya barabarani hulegeza mdomo na kuvumilia. Mpigaji wa okestra, anayeshika noti moja ndefu chini ya besi nane za nyuzi, hawezi kuvumilia, hivyo hupewa vali ya ziada na njia ya kuvuta mabomba madogo kwa mkono wa kushoto huku anapiga. York hii ilikusudiwa kukaa chini kabisa na kuwa safi huko chini.

Tumbo la Donatelli

Kinachosimuliwa, na Jacobs mwenyewe alikisimulia mara nyingi, ni kwamba Donatelli alikuwa mtu mnene na bomba la kwanza la tuba, lile linalopokea kipulizio, lilikuwa fupi. Kila alipovuta pumzi tumbo liliisukuma tuba mbele na kipulizio kikamtoka mdomoni. Chombo kilichoagizwa na mmoja wa makondakta mashuhuri zaidi wa nchi ile kikakwama kwa sababu ya sentimita chache za bomba.

Donatelli alifundisha pia katika Curtis Institute of Music, palepale Philadelphia. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Arnold Jacobs, aliyezaliwa mjini humo tarehe 11 Juni 1915, akakulia California, na kuingia Curtis akiwa na miaka 15. Donatelli alimuuzia kijana huyo ile tuba kwa dola 175, zilipwe dola 5 kila wiki. Hizo ni wiki 35 za malipo, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi, wakati familia nyingi za Marekani hazikuwa na uhakika wa kodi ya nyumba. Tuba ya pili ilipita mikono mingine, na miaka mingi baadaye Jacobs akaipata nayo.

Hapa pana jambo ambalo masimulizi mengi huliruka kwa haraka ya kufika Chicago. Kama tuba ile ingekuwa na uchawi ndani ya shaba yake, Philadelphia ndiyo ingevuna. Okestra ilikuwa tajiri, kondakta alikuwa na nia, mpigaji alikuwa mwalimu wa walimu. Wala hakuna aliyekosea kupima upana wa bomba. Kilichokosekana ni ulinganifu kati ya chombo na mwili wa anayekishika, na kijana mwembamba zaidi alipoketi nacho, kasoro ile haikuwapo tena.

Curtis ilimpa Jacobs mambo mawili yaliyokuja kuonekana baadaye. Alisikia darasani kwa Marcel Tabuteau, mpiga obo wa Philadelphia, jinsi sentensi ya muziki inavyokwenda kutoka noti hadi noti. Na akafanya kazi chini ya Fritz Reiner, aliyefundisha uongozaji wa okestra hapo na aliyeogopwa na kila mtu. Mwaka 1937 akaajiriwa Indianapolis, mwaka 1939 Reiner akamchukua Pittsburgh, na mwaka 1941 Stokowski akamsafirisha katika ziara ya All-American Youth Orchestra. Mwaka 1944 akaingia Chicago. Reiner akamfuata huko mwaka 1953, akiwa kondakta mkuu, na mwezi Machi 1954 wakarekodi Also sprach Zarathustra ya Strauss ndani ya Orchestra Hall. Rekodi hiyo bado inauzwa na bado inafundishia watu.

Mapafu madogo, tuba kubwa

Hiki ndicho kiini cha kisa chenyewe.

Tuba inakula hewa. Noti ya chini yenye nguvu inaweza kuyamaliza mapafu ya mtu mzima kwa sekunde chache. Mpiga tarumbeta anayepanda juu anatumia hewa kidogo yenye shinikizo kubwa. Mpiga tuba anayeshuka chini anatumia hewa nyingi yenye shinikizo dogo. Kwa hesabu hiyo, tuba ya 6/4 ingepaswa kuwa chombo cha majitu. Jacobs hakuwa jitu. Pumu ilimpata ukubwani, uwezo wa mapafu yake ulikuwa mdogo na ukazidi kupungua kadiri alivyozeeka. Alistaafu mwaka 1988 akiwa na miaka 73, na hadi dakika hiyo alikuwa akijaza ukumbi.

Aliwezaje? Kwanza aliacha kubahatisha. Alikwenda kupimwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Chicago, pumzi na shinikizo la mdomoni, akiwa na vyombo mbalimbali. Mojawapo ya mambo aliyoyashika kutoka huko ni kwamba noti ileile inahitaji karibu shinikizo lilelile mdomoni, iwe imepigwa kwa tarumbeta au kwa tuba. Noti ndiyo inayoamua, chombo kina sehemu ndogo. Kwa watu waliokuwa wamefundishwa kukaza tumbo kwa nguvu zote ndipo wapulize besi, huo ulikuwa msumari kwenye jeneza la mazoea yao. Tumbo lililokazwa linatengeneza shinikizo ambalo tuba haiwezi kulitumia, na wakati huohuo linazuia mtiririko wa hewa, ambao ndio inaouhitaji.

Kwa msomaji aliyewahi kukaa kwenye besi katika kikundi cha matarumbeta cha usharika wa Kilutheri, Moshi au Bukoba, nadhani sehemu hii inagusa moja kwa moja. Amri tunayoisikia tangu utotoni ni moja: puliza kwa nguvu. Mtoto anabana kifua, shingo inatoka mishipa, na tuba inatoa mlio mkavu kuliko alivyotarajia. Mwalimu anamwambia aongeze nguvu. Jacobs angemwambia aache kupigana na mwili wake, avute hewa nyingi kwa utulivu, aitoe kwa wepesi, na akili yote aielekeze kwenye noti anayotaka isikike. Alilifupisha fundisho lake kwa maneno mawili, wimbo na upepo, na wimbo ndio uliotangulia.

Pili, alijua mahali pa kuvutia pumzi. Hakusubiri mapafu yaishe. Alijaza, akatumia sehemu ya juu ambayo hutoka yenyewe bila kusukumwa, akajaza tena. Mtu mwenye mapafu makubwa anaweza kubeba mstari mrefu kwa pumzi moja na kufika mwisho akiwa amebakiza masalio, sauti imefifia. Jacobs aliukata mstari mahali ambapo muziki wenyewe unapumua, na msikilizaji akasikia maana zaidi. Udhaifu wake ulimlazimisha kufikiri kama mwimbaji.

Tatu, na hapa ndipo York inapodai haki yake, tuba pana yenye umbo zuri humlipa mtu wa namna hiyo. Bomba linalopanuka mapema na kwa wingi huipa nguvu ile sehemu ya chini ya sauti na kupunguza makali ya juu. Wapigaji waliozipuliza tuba hizi husema zinaitika upesi hata kwa sauti ndogo, na kwamba haziombi kulazimishwa. Mtu anayetegemea mtiririko badala ya shinikizo anapata sauti pana kwa gharama ndogo. Mtu anayelazimisha, kwenye tuba hiyohiyo, anapata ukungu: sauti kubwa isiyo na kiini, isiyojulikana imeanza lini. Nimesikia nakala nyingi zikipigwa hivyo. Ukubwa wa tuba haumfichi mpigaji mbaya, unamtangaza.

Kwa hiyo kile kinachoonekana kama fumbo, mtu mwenye pumu na tuba kubwa kuliko zote, kwangu kina maelezo yanayokaa sawa. Walikutana watu wawili wenye hitaji moja, tuseme hivyo, chombo kisichotaka nguvu na mtu asiyekuwa nazo za kupoteza. Wala sidhani Jacobs angekosa kuwa Jacobs angelikuwa na tuba nyingine. Lakini angetumia njia ndefu zaidi.

Ukumbi nao ulikuwa na neno

Orchestra Hall ya Chicago, iliyofunguliwa mwaka 1904, haikuwa ukumbi unaorudisha sauti kwa ukarimu. Baada ya ukarabati wa mwaka 1966 ikawa kavu zaidi, kiasi kwamba Georg Solti, aliyeongoza kuanzia 1969 hadi 1991, alirekodi kazi nyingi mahali pengine, hasa Medinah Temple. Katika ukumbi kama huo noti inakufa mara mpigaji anapoiachia. Hakuna mwangwi wa kuirefusha wala wa kuipamba. Safu ya shaba ya Chicago, Adolph Herseth kwenye tarumbeta ya kwanza tangu 1948, Jay Friedman kwenye tromboni, Dale Clevenger kwenye honi, ilijifunza kuikamilisha noti yenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Tuba iliyo chini yao ililazimika kufanya kazi ambayo kwingineko inafanywa na kuta.

Hili linaeleza jambo ambalo wanunuzi wa nakala hulisahau. York ilithibitika katika ukumbi mkavu, chini ya wapiga shaba wenye sauti kubwa na safi kupita kawaida, kwa muziki wa Strauss, Mahler na Bruckner. Ipeleke tuba ya ukubwa huo katika ukumbi wenye mwangwi mrefu, pamoja na tromboni tatu za wastani, kwa simfoni ya pili ya Brahms, na unaweza kuzama wewe na wenzako. Ndiyo maana hata Marekani wapigaji wa okestra huwa na zaidi ya tuba moja, na tuba ya F haijawahi kuondoka.

Walioiiga

York iliuzwa kwa Carl Fischer mwaka 1940, na enzi ya tuba kubwa za Grand Rapids ikaishia hapo. Kufikia wakati wanafunzi wa Jacobs walipoanza kuenea katika okestra na vyuo, walichokitaka hakikuwa kikitengenezwa tena. Wengine waligeukia York kuukuu za Bb zilizokuwa zimetelekezwa katika stoo za shule na bendi, wakampelekea fundi azikate mabomba hadi ziwe C. Kazi hiyo ni ya subira kuliko inavyosikika. Ukifupisha bomba ovyo, noti moja inakaa sawa na inayofuata inapotea, kwa sababu umebadilisha mahali ambapo upana unaongezeka. Zipo tuba zilizokatwa zikawa bora, zipo zilizoharibiwa daima, na chombo kilichodumu miaka 50 kikaishia kuwa vipuri. Binafsi linaniuma kila ninapofikiria hizo za mwisho.

Holton, huko Elkhorn, Wisconsin, walikuwa wameshatoa tuba yao nambari 345 yenye umbo la kufuata York. Baadaye Peter Hirsbrunner wa Uswisi akazipima tuba za Jacobs na kutoa HB-50. Yamaha walitengeneza YCB-826, ambayo wapigaji wengi wa Marekani waliipokea kama nakala iliyo karibu sana na asili. Ujerumani kuna Walter Nirschl, na kuna Meinl Weston 6450 iliyotengenezwa pamoja na Alan Baer wa New York Philharmonic. Baadaye viwanda vya China vikaingia na bei ambazo mwanafunzi anaweza kuzifikiria.

Je, kuna yeyote aliyefika? Inategemea unauliza kuhusu nini. Wataalamu wa akustika, sayansi ya sauti, wana msimamo unaoeleweka: kinachoamua sauti ya chombo cha shaba kwa sehemu kubwa ni umbo la hewa iliyo ndani, jinsi upana unavyoongezeka kutoka kwenye kipulizio hadi kinywani. Ukuta wa shaba una mchango, unapimika, lakini ni mdogo. Kwa hoja hiyo nakala iliyopimwa vizuri inapaswa kuwa York. Wapigaji wengi hawakubali. Wanazungumza juu ya shaba nyembamba ya zamani, nyundo za mafundi waliokufa, chuma kilichotulia kwa miaka. Ninawaheshimu, lakini nadhani wanakiita shaba kitu ambacho ni tofauti ndogondogo za umbo: bonde la milimita moja lililonyooshwa, vali iliyolegea kidogo, bomba la kwanza lililobadilishwa. Tuba ya miaka 90 haina tena umbo alilolikusudia fundi wake. Anayeipima leo anapima pia kila ajali na kila ukarabati.

Tena, waliozipiga York zote mbili husema hazifanani kabisa katika mwitiko. Ikiwa mafundi walewale, katika kiwanda kilekile, hawakutoa pacha kamili, basi kuilaumu Yamaha au Hirsbrunner kwa kutotoa pacha wa tatu ni kuwaonea. Walichofanikiwa kukitoa ni kikubwa: mwanafunzi wa leo anaweza kununua tuba ya 6/4 iliyo safi katika mlio wake kuliko York nyingi za asili zilivyokuwa, yenye vali zisizovuja, bila kusubiri mtu afe ndipo chombo kiuzwe.

Walichoshindwa kukiuza ni Jacobs. Katika chumba chake cha kufundishia, kwenye jengo la Fine Arts jijini Chicago, walikuwa wakipanda ngazi wapiga tuba, wapiga honi, wapiga filimbi, hata waimbaji na wagonjwa wa kupumua. Hakuwauzia tuba. Aliwapa mirija, mipira na vipima pumzi vya hospitali, akawafanya wapumue bila chombo mkononi hadi mwili usahau mazoea ya kujikaza, kisha akawarudisha kwenye wimbo. Wengi walitoka wakiwa na vyombo vilevile walivyokuja navyo na sauti nyingine.

Mtu wa pili kwenye kiti kilekile

Baada ya kustaafu, Jacobs aliiuzia okestra York zote mbili. Okestra nyingi hununua timpani, kinubi na kengele, vitu visivyobebeka. Tuba kwa kawaida ni mali ya mpigaji. Chicago walipozinunua walikuwa wanasema kwamba sauti hii ni yetu, haitatoka na mtu. Jacobs alifariki tarehe 7 Oktoba 1998.

Gene Pokorny aliingia kwenye kiti hicho mwaka 1989 na kuzipuliza tuba hizo kwa miongo mingi. Kwa mchambuzi, huyu ndiye shahidi bora tuliye naye, kwa kuwa chombo ni kilekile, okestra ni ileile, mwili ni mwingine. Njia rahisi ya kumsikiliza ni Bruckner wa saba. Simfoni hiyo ndiyo ya kwanza ambayo Bruckner aliweka tuba za Wagner, nne, ambazo hupigwa na wapiga honi, na chini yao tuba ya kontrabasi, yaani tuba kubwa ya kawaida. Sehemu ya pili, ile ya polepole, aliikamilisha akiomboleza kifo cha Wagner cha Februari 1883, na mwisho wake tuba zote zinabaki karibu peke yake, hakuna nyuzi za kujificha nyuma yake. Chicago waliirekodi na Solti mwaka 1986, Jacobs akiwa na miaka 71, na wakairekodi tena na Bernard Haitink mwaka 2007, enzi ya Pokorny.

Ulinganisho si safi, na ni haki kusema hivyo. Solti alirekodi Medinah Temple. Haitink alirekodi Orchestra Hall, tena baada ya ukarabati mkubwa wa mwaka 1997. Makondakta wenyewe ni watu wa tabia mbili, mmoja anasukuma, mwingine anaacha muziki uje. Lakini hata ukiondoa hayo, mimi nasikia watu wawili. Kwa Jacobs noti inaanza mapema na kwa uwazi, kama neno lenye konsonanti, na inaelekea mahali. Kwa Pokorny naisikia pana zaidi na tulivu zaidi, imekaa chini ya wenzake bila kuomba kutambuliwa. Zote mbili ni tuba za okestra kubwa kwa kiwango cha juu kabisa. Kama sifa ingekuwa ya shaba peke yake, nisingeweza kuwatofautisha.

Kilichobaki cha pamoja kati yao, ule upana wa chini ambao huupati kwenye F ya Vienna wala kwenye tuba ndogo ya Wafaransa, hicho naikabidhi York. Ndicho Stokowski alichokiagiza, na kiwanda cha Grand Rapids kilikitoa. Mengine yote yanayoitwa sauti ya York katika matangazo ya wauzaji yaliletwa na waliokaa kwenye kile kiti, na mnunuzi wa nakala anapaswa kujua kwamba hayamo ndani ya sanduku.